Kijeba wa Ilongero

Mtu akiniona kwa mara ya kwanza hanisalimii, ananikadiria. Macho yake yanaanza miguuni, yanapanda polepole, yanasimama kifuani kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, halafu ndiyo yanafika usoni. Hapo ameshanipa umri anaoutaka yeye. Wale wa bodaboda pale kituoni Ilongero wananiita mchumba, na nikiwaambia nina miaka kumi na miwili wanacheka mpaka wanaegemea pikipiki zao. Kisimani akina mama wananiambia, "Wewe dada mkubwa, mpishe mtoto achote." Mtoto mwenyewe ni Kulwa, pacha wangu.

Kulwa ni mkubwa kwangu. Alitoka yeye kwanza, ndiyo maana yeye ni Kulwa na mimi ni Doto, ingawa shuleni wanatuita Noel na Catherine. Tumezaliwa siku moja, tumbo moja. Lakini ukitusimamisha pamoja leo, kichwa chake kinanifika kwapani, na sauti yake bado ni ileile aliyoanza nayo chekechea. Mimi nilianza kuota maziwa nikiwa darasa la tano. Mwaka uliofuata nikavunja ungo katikati ya kipindi cha hesabu, na tangu hapo sketi hazinikai, raba hazinikai, hata kitanda kimekuwa kifupi. Sikuomba. Ningeulizwa ningesema ngojeni kwanza.

Hasira nazo zilikuja pamoja na huo urefu. Mama anasema zamani nilikuwa mpole. Siku hizi mtu akinigusa kidogo tu nawaka, naweza kuvurumisha sufuria uani, halafu baadaye nakaa nalia na sijui ninalilia nini. Mwalimu Agnes, anayetufundisha sayansi na ndiye kocha wetu wa mpira wa pete, alitueleza darasani kwamba hayo ni mambo ya balehe. Alichora ubaoni kichwa cha mtu kwa upande, akaonyesha kwa chaki. Hapa katikati, alisema, panapowasha hasira na furaha na hamu, panachangamka mapema. Hapa mbele, nyuma ya paji la uso, panapomwambia mtu ngoja, fikiri kwanza, panachelewa kukomaa mpaka mtu anapita miaka ishirini. Akasema wasichana huwatangulia wavulana kwa mwaka au miwili, wengine zaidi, na kwamba mwili ukiwahi haina maana mtu ameshakuwa mtu mzima. Nilimpenda sana siku ile, nilijiona nimechorwa mimi. Kwa hiyo naomba mjue kwamba Mwalimu Agnes alijua. Mtu asije kuniambia hakujua.

Mwezi wa nane, alizeti ikiwa imeshavunwa na upepo unapeperusha vumbi kila mahali, tajiri mmoja wa mashine za kukamua mafuta alitoa kombe la mpira wa pete kwa shule za msingi. Sharti lilikuwa mchezaji asizidi miaka kumi na minne. Fainali ikapangwa Ilongero, kwetu, sisi dhidi ya shule moja ya upande wa Iramba, na baada ya mchezo kamati ilikuwa ichague wasichana wa kwenda kambini Mwanza. Mimi ndiye mfungaji wa timu. Sijawahi kufika hata Manyoni. Nilikuwa nimeiota hiyo Mwanza mpaka nikajua nitakaa kiti cha dirishani upande gani.

Tukiwa tunapasha misuli, kocha wa Iramba, mwalimu mmoja wa kike, akaenda kwenye meza ya kamati akakata rufaa. Neno likarudi kiwanjani mbio: kijeba. Ndiyo jina la mtu mzima aliyechomekwa kwenye timu ya watoto, na hakuna tusi kubwa zaidi ya hilo mchezoni. Watu wote waliokaa pembeni wakaanza kunitafuta kwa vidole.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Calist, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya pama, amekaa chini ya turubai na soda yake. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Darasa la ngapi?"

"La saba."

"Umezaliwa lini?"

Nikamwambia. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akazungusha kidole hewani. "Hebu geuka."

Nikageuka, kwa sababu kwetu mkubwa akikuambia geuka unageuka.

"Huyu ni mwanamke mzima," akawaambia wenzake wa mezani. "Angekuwa nyumbani kwangu ningeshapokea barua ya posa."

Wakacheka wote. Kulikuwa na wazee pale ambao wananijua tangu nabebwa mgongoni, nao wakacheka. Nikaminya mpira niliokuwa nimeushika mpaka vidole vikauma.

Mama alikuwa anauza karanga pembeni ya kiwanja. Aliacha sinia lake akaja mbio, amemshika Kulwa mkono. Akapiga goti mbele ya meza. "Shikamoo mwalimu. Huyu ni mwanangu, na huyu ni mwenzake. Hawa ni mapacha."

Bwana Calist akatuangalia, mmoja baada ya mwingine, akacheka kwa sauti. "Mapacha! Na huyu mdogo yuko darasa la ngapi?"

"La tano," akasema Kulwa.

"Pacha gani hao, mmoja la saba mwingine la tano?"

Mama akajaribu kueleza, lakini alieleza vibaya kwa sababu alikuwa anatetemeka. Acheni nieleze mimi. Kwetu mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huandikishwa shule kwa sikio. Anaambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, basi ana miaka saba. Asipolifikia, akale ugali arudi mwakani. Sisi tulikuwa na miaka mitano, tumeenda kumsindikiza mtoto wa jirani tu, na mwalimu mkuu wa wakati ule akatupanga na sisi kwenye mstari. Mimi nikalishika sikio lote. Kulwa mkono wake ukaishia utosini. Nikaandikwa mimi, yeye akarudishwa nyumbani, na mwaka uliofuata akarudishwa tena. Hivyo ndivyo serikali ya sikio ilivyotutenganisha. Kadi zetu za kliniki zilikuwa ndani ya tembe letu la zamani, na tembe lilibomoka na mvua.

"Kadi za vijeba siku zote huwa zinanyeshewa," akasema Bwana Calist.

"Mwalimu, niliwazaa mimi," mama akasema. "Siku moja. Huyu alfajiri, huyu jua limeshatoka. Nilikuwepo."

"Mama yeyote angesema hivyo."

Ndipo Kulwa akajitokeza. Alisimama wima, akatoa kifua chake kidogo mbele, akasema kwa ile sauti yake nyembamba, "Huyu ni mdogo wangu, nimemtangulia mimi." Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Niliona kidevu cha Kulwa kinacheza, nikajua anajizuia asilie mbele za watu.

Hapo ile sehemu ya mbele ya ubongo wangu ikaondoka kazini. Niliutupa mpira. Sikumlenga Bwana Calist, nililenga meza, lakini chupa ya soda iliruka ikamwagika yote mapajani mwake. Akainuka anajipangusa, suruali imelowa, uso umeiva kwa ghadhabu.

"Mnaona?" akasema. "Hizo ni tabia za mwanamke wa vilabuni."

Nataka mtu anieleze hapo. Kulwa angetupa mpira ule wangemwita mtoto mtundu, wangemchapa fimbo mbili yakaisha. Mimi kwa kosa lilelile nikawa mwanamke wa vilabu vya pombe. Nikitaka kuongea na wakubwa, naambiwa wewe mtoto kaa kimya. Nikifanya utoto, naambiwa wewe mtu mzima huoni haya. Wanachagua wao kila mara, na kila mara wanachagua kile kitakachoniumiza.

Kamati ikanong'onezana. Kisha Bwana Calist akatangaza kwamba nikaguliwe. Walimu wawili wa kike, kocha wetu na kocha wa Iramba, wangeniingiza darasani, ningevua nguo, na wao wangetoka kusema wameona nini. "Mwili haudanganyi," alisema. Na ili isionekane upendeleo, Iramba nao watoe mchezaji wao mmoja wa kulinganisha.

Wakamsukuma mbele mfungaji wao, msichana anayeitwa Stumai. Alikuwa mdogo kuliko hata Kulwa, mikono myembamba, uso wa mtoto wa darasa la tatu. Bwana Calist akamshika bega akamgeuza kwa watu. "Huyu ndiye mtoto. Mtazameni vizuri, mjue mtoto anafananaje."

Mama akamgeukia Mwalimu Agnes. Mama aliishia darasa la nne, na mwalimu akishasema jambo, kwake limekwisha. "Mwalimu, kweli avuliwe?"

"Ni dakika mbili tu, Mama Kulwa," Mwalimu Agnes akamjibu bila kumwangalia usoni. "Ni wanawake watupu mle ndani. Tusipofanya hivi tunakosa kombe."

Mama akainamisha kichwa. "Haya mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Wakatutanguliza darasani mimi na Stumai. Wavulana walikuwa wameshajazana madirishani, kwa hiyo walimu wakabaki nje kwanza kuwafukuza. Tukasimama kati ya madawati, kila mmoja upande wake. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na hasira na huyo mtoto wa mfano pia, na vidole vyake vyembamba, na vile walivyompenda wote kwa kuwa mdogo tu.

"Dada, usinichukie," akasema.

"Usiniite dada! Nina miaka kumi na miwili."

Akaniangalia. Hakunikadiria, aliniangalia usoni. "Nakuamini," akasema. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Mimi nina kumi na sita."

Nilidhani ananitania. Lakini alikuwa amejikumbatia kifua kwa mikono yote miwili, na macho yake hayakuwa ya mtoto wa darasa la tatu hata kidogo.

"Kwetu ni Sekenke," akasema. "Baba alikuwa anachimba dhahabu, mara anapata, mara hapati miezi na miezi. Tulilala njaa sana nikiwa mdogo. Kwenye kuandikishwa, sikio sikulifikia. Nilirudishwa mpaka wadogo zangu wawili wakatangulia shule. Wasichana niliozaliwa nao mwaka mmoja wengine wana watoto sasa. Mimi bado hata hiki..." Akagusa kifua chake bapa. "Hata damu sijaiona. Mama anasema labda nimelogwa. Sitaki waone, mwenzangu. Wataona kwamba sina kitu."

"Kocha wako anajua umri wako?"

"Hajawahi kuniuliza. Nani ananiuliza mimi umri?"

Kijeba wa Ilongero alikuwa amepatikana, na hakuwa mimi. Maneno machache tu yangenitosha: muulizeni huyu. Ningeyasema mlangoni, Bwana Calist angebaki mdomo wazi na suruali yake iliyolowa, mimi ningecheza, mimi ningekaa dirishani kwenye basi la Mwanza. Nawaambieni ukweli, nilikuwa na hamu ya kuyasema mpaka ulimi uliwasha. Lakini baada ya hapo wangemvua yeye. Wangemvua wamtafute utu uzima, kama walivyokuwa wananitafuta mimi.

Mlango ukafunguliwa. Walimu wawili wakaingia, Mwalimu Agnes akasukuma komeo. "Haya, haraka, vueni tumalize tukacheze."

"Mwalimu," nikasema, "wewe ndiye uliyechora ubaoni."

"Catherine, usinianze."

"Ulisema mwili ukiwahi haina maana mtu ameshakuwa mtu mzima. Ulisema wasichana wanatangulia. Ulimuuliza hata Kulwa darasani kwao kama ni pacha wangu, akaja kuniambia. Unajua sisi ni mapacha!"

"Najua," akasema. Akasema hivyohivyo, najua. "Lakini kule nje hawajui, na mimi nataka kombe. Una kitu gani cha kuficha ambacho mimi sina? Vua mwanangu, tusipoteze muda."

Bwana Calist simjui na wala sitaki kumjua. Lakini huyu alinifundisha kusoma mwili wangu mwenyewe, kisha akasimama mbele yangu anataka kuuonyesha ili apate kikombe cha bati. Hasira niliyokuwa nayo kwa wale wengine wote ukiijumlisha haifiki nusu ya ile. Nilitaka kumpiga. Nikaificha mikono nyuma.

Pembeni yangu Stumai alikuwa ameshaanza kufungua vifungo. Alikuwa analia kimyakimya na vidole vinamteleza, lakini anafungua. Kocha wake akasema, "Mnaona mtoto mwenye adabu? Hana maneno mengi."

"Usivue!" nikapiga kelele.

Nilimfikia kwa hatua moja, nikamfunga vifungo vyake mimi mwenyewe, vingine nikavikosea tundu. Nikamshika mkono. "Hatuvui," nikawaambia. "Hakuna anayevua hapa." Kwa mara ya kwanza nikaushukuru huu mwili, maana nilipomsogeza Mwalimu Agnes pembeni ya mlango alisogea. Nikavuta komeo, tukatoka.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Bwana Calist akauliza, "Imekuwaje?" Mwalimu Agnes akajibu, "Amekataa."

"Basi jibu tumelipata. Asiye na kosa haogopi kukaguliwa. Huyu nje, na wenyeji wacheze na mchezaji wa akiba."

"Nina miaka kumi na miwili!" nikasema. Nilisema kwa nguvu, ili hata wale wa karanga wasikie. "Mnauuliza mwili wangu wakati mimi mwenyewe nipo hapa naongea! Niulizeni mimi! Muulizeni mama yangu!"

Kijana mmoja akapiga mluzi. Wengine wakacheka. Mama alikuwa amesimama nyuma ya watu, ameshika mdomo.

Ndipo Stumai akaniachia mkono, akapiga hatua moja mbele. Mimi sikumtuma, wala sikujua kama ana moyo huo.

"Na mimi nina kumi na sita," akasema.

Nikafikiri, sasa watasikia, sasa kwa vyovyote watauliza.

Wakaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia kiwanjani pale. Bwana Calist alicheka mpaka akakohoa, akavua kofia yake kujipepea. "Mnaona mtoto? Kamsikia mwenzake anataja miaka, na yeye anataka yake!"

"Ni kweli," Stumai akasema. "Nilichelewa kuandikishwa. Mwulizeni mama yangu, yuko Sekenke."

"Stumai, acha utani," kocha wake akamkata. "Kavae vesti."

Lakini niliona uso wa kocha huyo. Kwa sekunde moja alimtazama Stumai kama anayekumbuka kitu, kisha akatazama kombe pale mezani, akageuka kuita timu yake. Bwana Calist akatia mkono mfukoni, akatoa pipi, akaiweka kwenye kiganja cha Stumai, akampapasa kichwani. "Haya, mama, nenda kacheze."

Stumai akaishika ile pipi. Akaniangalia mimi, akawaangalia wale watu wote walivyokuwa wanacheka, halafu na yeye akacheka. Angefanya nini? Akaenda kuvaa vesti.

Sisi tukafungwa. Sikuona mabao yote, nilikuwa nimekaa chini kati ya mama na Kulwa, na Kulwa alikuwa anang'oa majani makavu moja moja. Mama alisema pole mwanangu. Nikamwambia asiniguse. Kila Stumai alipofunga watu walipiga kelele, katoto kale kanajua, kaangalieni katoto kale. Mwalimu Agnes alikuwa anakimbia pembeni ya mstari anaita majina, na jina langu hakuliita.

Mpira ulipokwisha wakatangaza kwa kipaza sauti wasichana wa kwenda Mwanza. Wa kwanza kutajwa alikuwa yeye. "Mchezaji bora wa fainali," mtangazaji akasema, "na ndiye mdogo kuliko wote, mtoto wetu Stumai, miaka kumi na mmoja!" Sijui miaka hiyo waliitoa wapi. Waliikadiria tu.

Watu wa nyuma wakalalamika kwamba hawamwoni. Basi Bwana Calist akainama, akamshika Stumai makwapani, akamnyanyua juu, akamkalisha begani kwake mbele ya kiwanja kizima. Mtu wa miaka kumi na sita. Miguu yake ilikuwa inaning'inia kifuani kwa yule mzee, sketi imepanda mapajani na yeye anaivuta chini kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kombe walilompa abebe. Alikuwa amefumba macho.

"Mshushe!" nilipiga kelele. "Mshushe, wewe mzee! Mshushe!"

Walikuwa wanapiga makofi, hawakunisikia. Nikainuka nianze kukimbia kule mbele, na mama akanikamata kiunoni kwa mikono miwili, akanivuta chini, akaniziba mdomo kwa kiganja chake.